Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa Mwanza: bati jeupe tunalonunua si jeupe

Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza, Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela, na wahandisi wenu wa majengo.

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa wale wa rika langu, salaam.

Mimi ni fundi paua. Nakaa Mabatini, na utani wa jina hilo nimeshausikia wa kutosha, kwa hiyo tusipoteze muda nao. Nimeezeka kuanzia Igoma hadi Nyegezi: nyumba za watu, madarasa, zahanati, ofisi za kata. Shahada sina. Nina magoti yenye makovu ya bati la moto, na hayo magoti ndiyo yaliyonituma niandike.

Nianze na neno. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini ukasema unataka bati jeupe, utapewa bati tupu la zinki, lile linalong'aa. Ndivyo tunavyoliita sote: kuna bati jeupe na kuna bati la rangi. Bati la rangi nalo maana yake ni damu ya mzee (ile nyekundu iliyokolea), buluu, kijani au kahawia iliyokolea, liwe la umbo la msauzi au la migongo mipana. Sasa lile bati lililopakwa rangi nyeupe kweli kiwandani, kwa lugha yetu ya dukani halina hata jina. Mteja akilitaka inabidi aeleze kwa mifano, "kama maziwa hivi, kama krimu", na muuzaji anamwangalia kama mtu aliyeulizia theluji. Kitu kisicho na jina hakiagizwi. Naomba ninyi, mnaonunua mabati kwa maelfu kwa fedha zetu, mkiagize.

Nilipata somo hili Buhongwa. Mteja wangu alikuwa na nyumba kubwa na banda la uani lenye jiko na stoo. Nyumba tuliipaua kwa damu ya mzee. Mabati yakaishia hapo, naye fedha ilikuwa imemwishia, akaenda kununua mabaki ya krimu yaliyokuwa yamekaa dukani muda mrefu kwa kukosa mtu. Unene ule ule, geji 28. Papi (mbao za kupigilia bati) zile zile, misumari ile ile, na fundi ndiye mimi. Dari lilikuwa halijapigwa upande wowote.

Tulimaliza kofia ya banda, lile bati la kileleni, saa saba mchana. Wenzangu mnaopanda juu mnajua saa saba si saa ya kuwa kwenye bati; sisi hupanda alfajiri na kushuka kabla jua halijafika utosini. Siku hiyo tulichelewa. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya krimu, bila gunia, nafunga msumari wa mwisho, na sikushtuka. Ni pale nilipovuka kwenda paa la nyumba kuchukua kamba tuliyoisahau ndipo nilipoelewa. Nilishika bati kwa kiganja nikaachia hapo hapo. Nikarudi kwenye krimu, nikaweka kiganja, nikahesabu hadi ishirini. Saidia fundi wangu akafikiri nimepata kizunguzungu.

Tuliposhuka, mama mwenye nyumba alikuwa anakaanga samaki kwenye jiko la mkaa ndani ya lile banda. Akasema, "Fundi, mbona huku jikoni kuna nafuu kuliko sebuleni?" Jiko linawaka, mafuta yanachemka, na bado jikoni ndiko kwenye nafuu. Niliingia sebuleni kuthibitisha. Kulikuwa kama ndani ya tanuri la mikate.

Baada ya hapo nikaanza kusoma na kuuliza. Nitawaeleza nilichokielewa kwa lugha yangu, na wahandisi mtanivumilia.

Jua la mchana lisilo na wingu humwaga karibu kilowati moja kwa kila mita moja ya mraba. Kilowati moja ni pasi ya umeme inayowaka. Darasa la kawaida lina paa la mita za mraba 60 na ushee. Kwa hiyo weka pasi sitini juu ya vichwa vya watoto, ziwashe, kaa chini ufundishe hesabu. Bati lililokolea humeza zaidi ya pasi arobaini na tano kati ya hizo. Nyingine upepo huzichukua, si zote zinaingia ndani, lakini zinazoingia zinatosha. Bati lenye rangi nyeupe safi humeza kama kumi na mbili tu, zilizobaki huzirudisha angani zilikotoka. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba paa la kawaida likipigwa na jua la kiangazi hufika nyuzi joto 65 au zaidi, na kwamba paa la kurudisha mwanga katika hali hiyo hiyo laweza kuwa pungufu kwa zaidi ya nyuzi 28. Magoti yangu hayana kipimo, ila hayabishi.

Najua swali linalofuata: bati jeupe letu la zinki mbona linang'aa kuliko hata krimu, si ndilo lingekuwa baridi zaidi? Nilijiuliza hivyo hivyo. Jibu liko kwenye chupa ya chai. Ukiichungulia ndani utaona kioo kinachong'aa kama fedha. Uso wa namna hiyo una tabia mbili. Unarudisha mwanga vizuri, hilo kweli. Lakini joto likishaingia mwilini mwake, hautaki kulitoa, na ndiyo maana chai ya asubuhi unainywa jioni ikiwa moto. Bati tupu ni hivyo hivyo: likiwa jipya linarudisha sehemu kubwa ya jua, lakini kidogo linachomeza linakaa nacho, kinapanda, kinapanda. Rangi, hata iwe nyeupe, hulipumua joto nje kwa urahisi. Halafu zinki ikianza kuchuja na kutu kuingia, hata ule mng'aro unakwenda, unabaki na kahawia. Angalieni mapaa ya zamani ya mji huu kutoka kilimani Bugando mtaona ninachosema.

Mwanza si Dar es Salaam, wakubwa zangu, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize zaidi. Kule pwani hewa yenyewe ni nzito, hata ukikaa chini ya mti unalowa jasho. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni, na mchana wetu mwingi unaishia nyuzi 28 au 30 hivi. Hiyo si hewa ya kumshinda mtu. Kaa chini ya mwembe saa nane mchana, utasinzia kwa raha. Ingia darasani mita kumi kutoka kwenye mwembe huo, utatoka umelowa. Hewa ni moja na upepo wa ziwani ni mmoja, kilichobadilika ni kilichoko juu ya kichwa chako. Joto linalotutesa ndani ya majengo ya Mwanza halitoki dirishani, tumelinunua wenyewe dukani, tukalipigilia misumari. Wazee wetu Wasukuma waliokaa kwenye nyumba za msonge hawakuwa na feni. Nendeni Bujora pale Kisesa, ingieni ndani ya ile nyumba ya nyasi saa saba mchana mkaone.

Shule moja ya kata, sitaitaja, niliipaua mwenyewe. Ramani ilisema bati la buluu iliyokolea, nami nikaezeka buluu iliyokolea, sikuwa najua. Imekaa nyuma ya kilima, mawe makubwa yameizunguka pande tatu, upepo wa ziwani unapita juu kwa juu. Nilirudi kukarabati kofia iliyong'olewa na upepo, nikakuta saa nane madawati yako nje chini ya mti na ubao umeegemezwa kwenye jiwe. Nilidhani ni mtihani wa vitendo. Mwalimu akanambia, "Fundi, ndani hakukaliki. Kipindi cha saba na cha nane tunahamia huku, mvua ikinyesha tunarudi." Hakuwa analalamika, alikuwa ananieleza ratiba. Mimi ndiye niliyeona aibu, maana lile paa ni la mkono wangu.

Na mapaa ya aina hiyo si machache. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, haya tunayoyaita madarasa ya Uviko, shilingi milioni 20 kila darasa. Kazi nzuri, wala sina neno, na mimi nilipata riziki humo. Niliyoezeka mimi yote yalikuwa ya rangi iliyokolea. Hakuna aliyeuliza kwa nini, mimi pia sikuuliza. Kwa maduka ninayonunua, krimu na buluu za geji moja bei ni moja. Tungeweza kununua ubaridi bure tukanunua joto kwa bei ile ile.

Kuhusu umeme, maana nyie mnalipa luku ya ofisi. Sitawadanganya kwamba rangi ya paa itawajengea daraja jingine kama lile la Kigongo na Busisi. Chukua ofisi ya chini, isiyo na ghorofa, yenye viyoyozi vitatu vya kilowati 1.2, vikifanya kazi saa nane kwa siku, siku 22 za kazi. Ni kama uniti 630 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambayo ukiziongeza inakaribia 356, hiyo ni zaidi ya shilingi 220,000. Shirika la mazingira la Marekani linataja kwamba kwenye nyumba zenye viyoyozi mapaa ya kurudisha mwanga hupunguza mahitaji ya umeme wa kupoza, saa za kilele, kwa asilimia 11 hadi 27. Nikichukua ile 11 ya chini na kuitandaza siku nzima, ambayo ni hesabu ya fundi si ya mhandisi, mnaokoa kama shilingi 25,000 kwa mwezi, laki tatu kwa mwaka, ofisi moja. Ofisi zenu ziko ngapi, mnajua ninyi. Jengo la ghorofa tano halihusiki sana, ghorofa ya juu tu ndiyo itakayofaidi.

Faida kubwa naiona kwingine, kwenye kiyoyozi ambacho hakitanunuliwa. Kila zahanati ninayoipaua siku hizi, mwaka haujaisha narudi nakuta wametoboa ukuta, wanaweka kiyoyozi kwenye chumba cha dawa, kwa sababu dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30. Hewa ya nje ni 29. Kama paa lisingeongeza lake, lile tundu lisingetobolewa. Shirika lile lile linasema kwenye nyumba zisizo na kiyoyozi kabisa paa jeupe hushusha joto la juu la ndani kwa nyuzi 1.2 hadi 3.3. Mtu wa Ulaya ataona ni kidogo. Sisi ambao nje kumekaa vizuri tayari, nyuzi mbili hizo ndizo zinazoamua kama feni inawashwa au haiwashwi. Na nyumbani mtu aliye kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti anajua maana ya kubaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Feni mbili za kulala nazo usiku kucha zinamsogeza ukingoni.

Wapo watakaosema umeme sasa si tatizo, bwawa la Rufiji lina megawati 2,115. Sawa. Lakini bili haiendi Rufiji, inakuja kwako.

Sasa vikwazo, maana nimebishana na mafundi wenzangu kijiweni hadi chai ikapoa.

Paa jeupe linachafuka. Ni kweli: vumbi la Julai, moshi, na wale ndege wetu makorongo wa mjini ambao hawana adabu na paa la mtu yeyote. Likichafuka linapoteza sehemu ya nguvu yake ndani ya miaka michache. Hata hivyo jeupe chafu bado liko mbali na damu ya mzee safi, na mvua za vuli na masika hutuoshea bure.

Pili, kung'aa. Hili ni la Mwanza hasa, maana nusu yetu tunakaa juu ya mapaa ya nusu nyingine. Mkazi wa Isamilo kule kilimani hataki kuamka na kioo usoni. Lakini kinachopiga macho ni bati tupu la zinki, ambalo tumelivumilia miaka yote. Nyeupe isiyong'aa, ya kufifia kama chokaa, hutawanya mwanga kila upande badala ya kuurusha kama kioo.

Tatu, maji ya mvua. Wengi tunakinga maji ya gata, na rangi mbaya ni sumu. Iandikwe kwenye zabuni: rangi isiyo na risasi. Kisiwa cha Bermuda hakina mito, watu wake wameishi karne nyingi kwa maji yanayotoka kwenye mapaa yao, na mapaa hayo ni ya mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe pe. Kwa hiyo weupe na maji safi havigombani.

Anayependa damu ya mzee kufa na kupona, naye hajasahaulika. Karibu nusu ya nguvu ya jua ni ile ambayo jicho halioni, na kuna viwanda vinavyotengeneza rangi zilizokolea zinazorudisha hiyo nusu isiyoonekana. Hazifiki nyeupe, ila si sawa na hizi za kawaida.

La mapaa ya asbesto, yale ya majengo ya zamani, naomba msimtume fundi yeyote ayakwangue ili apake rangi. Vumbi lake linaua. Hayo yana barua yake.

Wala hatutakuwa wa kwanza. California ilianza kuyaingiza mapaa haya kwenye kanuni za ujenzi wa majengo ya biashara mwaka 2005. Jimbo la Telangana kule India, lenye jiji la Hyderabad, lilipitisha sera mwaka 2023 inayotaka majengo yote ya serikali yawe na mapaa ya namna hii, na India si nchi ya matajiri wa kuchezea fedha. Hata hapa tunajua, ila tunasahau. Mmewahi kuona tangi la depo ya mafuta limepakwa damu ya mzee? Yanapakwa nyeupe ili mafuta yasichemke yakapotea hewani. Petroli tumeifikiria. Darasa la tatu bado.

Ninachowaomba si sheria mpya. Kwenye ramani za majengo yenu pana mstari unaosema rangi ya bati. Badilisheni neno moja hapo, buluu iwe nyeupe au krimu, kwa kila darasa, zahanati na soko litakaloezekwa kuanzia bajeti hii iliyoanza tarehe 1 Julai. Kwa mtu binafsi anayekuja kuomba kibali cha ujenzi, msimlazimishe, lakini afisa wenu amuulize tu: umefikiria rangi ya paa? Swali hilo peke yake litalipa lile bati jina dukani.

Kwa mapaa yaliyopo tayari, msikurupuke kununua rangi. Chokaa ya ukutani haidumu kwenye bati, mvua mbili imekwisha. Rangi ya mafuta juu ya zinki mpya hubanduka kama ganda la kitunguu. Nimeitwa kuondoa aibu za namna hiyo mara nyingi. Inatakiwa rangi ya maji ya akriliki ya nje, juu ya bati lililosuguliwa kutu, likaoshwa, likakauka. Na kabla ya kupaka mia, pakeni moja.

Pale kwenye ile shule niliyosema yapo madarasa mawili pacha, yameshikana ukuta, paa moja, buluu moja, watoto idadi karibu sawa. Lipakwe moja, lingine liachwe. Kila darasa litundikwe kipimajoto, na mwalimu aandike saa nne, saa saba na saa tisa. Mvua zimekata, rangi itakauka vizuri. Mwishoni mwa Septemba, kama tarehe 29 hivi, jua litapita juu ya Mwanza utosini kabisa, halafu halirudi hapo hadi katikati ya Machi. Wiki hiyo ndiyo ya kupima.

Mikono miwili ya rangi kwa paa lile ni ndoo moja ya lita 20 na kidogo, kwa hiyo naomba ndoo mbili, brashi za msasa, na barua ya ruhusa kwa mwalimu mkuu. Ngazi ninayo. Kijana wangu wa kusaidia nitamlipa mwenyewe, siku mbili, na mimi sitaki hata mia, lile paa nina deni nalo. Tutapanda alfajiri.

Wenu,
Fundi paua, Mabatini